Uliza Fundi: Eabrashi haijafa, imeziba tu

Salaam wasomaji. Maswali ya eabrashi, kile kifaa kidogo cha mkononi cha kupulizia rangi kwa upepo, siku hizi yameshinda hata yale ya cherehani za ngozi, na ukiyasoma karibu yote yaimba wimbo mmoja, mashine imekufa. Wanaoandika ni mafundi wa makubadhi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, vijana wanaochora raba huko Kisauni na Mtopanga, akina mama wa mikoba wa Likoni. Mimi naona nyingi hazijafa wala nini, ziko na rangi kavu ndani, na hiyo rangi imekauka humo kwa sababu ilioshwa na kitu kisichoiyeyusha. Tuanze na swali refu kwanza maana likieleweka hilo mengine mengi yatajijibu.

Asubuhi dai, jioni akriliki

*Fundi, assalaam aleikum. Mimi natengeneza mikanda na makubadhi hapa Mji wa Kale, nilinunua eabrashi ile ya kikombe juu na triga ya kubonyeza na kuvuta. Asubuhi napiga dai ya spiriti, ile rangi ya ngozi, kwenye mikanda, jioni nachora raba za wateja kwa rangi ya akriliki. Nikimaliza naosha kwa maji mpaka maji yatoke safi kabisa. Mwanzo ilikuwa fiti, sasa yatema matone, mara yakata, mara yatoa upepo mtupu. Nimebadilisha rangi lakini wapi. Nitupe ninunue nyingine? — Fundi wa makubadhi, Mji wa Kale*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Usitupe kitu, pesa za mashine mpya nunulia ngozi.

Tatizo lako liko hapo uliposema "naosha kwa maji". Wewe una rangi mbili zenye tabia tofauti kabisa na waziosha kwa kitu kimoja. Dai ya spiriti ni rangi iliyoyeyuka ndani ya spiriti yenyewe, maji hayaiondoi vizuri, kwa hivyo yale maji safi unayoona yakitoka yamepita tu juu ya rangi iliyoshika kwenye kuta za ndani, si kwamba imetoka. Akriliki nayo ni chembe ndogo ndogo za plastiki zinazoelea kwenye maji, ikiwa mbichi yatoka kwa maji bila shida, lakini maji yakishakauka zile chembe zashikana zinakuwa utando wa plastiki na hapo hata uoshe na bahari yote ya Nyali hautoki. Halafu kuna la tatu ambalo ndilo linalokuua wewe hasa. Dai iliyobaki ndani na spiriti yake ikikutana na akriliki mbichi, ile akriliki yaganda mabonge mabonge kama maziwa yaliyotiwa ndimu, na nozeli yako, kile kimdomo cha mbele rangi inakotokea, huenda ina tundu la milimita 0.3, sasa hilo bonge litapita wapi?

Basi mpangilio ni huu. Ukitoka kwenye dai kwenda kwenye akriliki, mwaga dai iliyobaki, tia spiriti kidogo kikombeni, sugua kuta za kikombe kwa brashi laini, puliza yote itoke kwenye chupa ya taka, rudia mpaka ukipuliza kwenye kitambaa cheupe kisichafuke, halafu ndo utie maji upulize maji hayo mpaka spiriti yote iondoke, kisha tia akriliki. Ukitoka kwenye akriliki kwenda kwenye dai ni kinyume chake, maji kwanza, mengi, na tone la sabuni ya vyombo ukitaka, mpaka hakuna dalili ya rangi, na ndo spiriti ifuate. Ukianza na spiriti juu ya akriliki mbichi umejipikia uji humo ndani.

Katikati ya kuosha fanya hivi pia: weka kitambaa mbele ya nozeli, bana kidogo kwa kidole, halafu bonyeza triga uvute taratibu, upepo ukikosa njia ya mbele utarudi nyuma na utaona povu likichemka kikombeni. Hilo povu latoa uchafu uliojificha kwenye kile kinjia kati ya kikombe na nozeli. Usifanye kwa presha kubwa na usifanye kikombe kikiwa kimejaa, shati lako litabadilika rangi.

Sasa hiyo yako kwa hali ilivyo kuosha hivi hakutoshi, lazima uifungue. Tandika taulo jeupe mezani, si sakafuni na si juu ya kaunta ya duka, maana nozeli ni kidude kidogo sana kikidondoka utaenda kukitafuta kwenye mifereji. Kikombe kiwe kimeshasafishwa kabla ya kuvuta sindano, ile ndefu ya chuma inayopita ndani mpaka kwenye nozeli, kwa sababu sindano ikivutwa na rangi mbichi juu yake yaburuta rangi hiyo mpaka kwenye triga na huko ndo huanza kunata. Fungua mkia wa nyuma, legeza ile nati inayoshika sindano, vuta sindano nyuma polepole na kwa kunyooka. Ipanguse kwa kitambaa chenye spiriti ukielekea kwenye ncha huku waizungusha, usiende kinyume ukachoma kitambaa kwa ncha, yapinda hivyo hivyo na utakuja kuniandikia tena.

Kisha fungua kofia za mbele na nozeli, kwa ile spana ndogo uliyopewa kwenye boksi, si koleo. Loweka nozeli na kofia zake kwenye kibakuli cha spiriti kwa muda, na kwa akriliki iliyokauka tumia dawa ya kusafishia eabrashi inayouzwa na maduka ya vifaa vya sanaa, hiyo huilainisha ule utando ukatoka. Kile kinjia cha ndani ya mwili pitisha brashi nyembamba zile za kusafishia katikati ya meno, zauzwa kemisti, na hizo kwangu ni kifaa bora kuliko vingi vinavyouzwa kwa jina la eabrashi kwa bei mara tatu. Ndani ya nozeli usiingize pini wala sindano ya kushonea, tundu likitanuka kidogo tu upande mmoja rangi yatoka kombo maisha yake yote. Kama kuna uchafu mgumu, loweka tena, subira ndo dawa.

Usizamishe mwili mzima wa eabrashi kwenye spiriti. Mle ndani mna oringi, vile vipete vya mpira, na valvu ya upepo yenye mafuta yake, ukiloweka vyote hivyo waviharibu na hakuna ulichosafisha cha maana.

Kurudisha: nozeli kwanza, kaza kwa vidole halafu mguso mdogo tu wa spana, kisha sindano isukume taratibu mpaka uhisi imegusa, simama hapo hapo, kaza nati. Vijana wengi huisukuma kwa nguvu ati ifunge vizuri, na nozeli hupasuka nyufa usizoziona kwa macho.

Je, kufungua hivi ni kila siku? Kwa akriliki mimi nasema ndio, angalau sindano itoke ipanguswe na nozeli ichunguliwe kila jioni. Kwa dai tupu ukiosha vizuri na spiriti waweza kukaa siku kadhaa. Na kama biashara yakuruhusu, kuwa na eabrashi mbili, moja ya dai moja ya akriliki, hata kama ya pili ni ya bei ya chini. Ugomvi wote huo utaisha.

Spiriti ipi?

*Fundi nimeambiwa nioshe na spiriti nikaenda kemisti nikapewa ile ya kusafishia vidonda, ni sawa? Na sanitaiza je, nina madumu yamebaki tangu enzi za korona. — Kijana wa raba, Mtopanga*

Sanitaiza ya jeli hapana kabisa, ile jeli ni kitu cha kuifanya iwe nzito, utaziba nozeli kwa kutumia kitu ulichodhani chaisafisha. Spiriti ya vidonda inategemea, nyingine hutiwa mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi ya mtu, na hayo mafuta yakibaki ndani ya eabrashi rangi inayofuata yakataa kushika, yaacha vijiduara kwenye ngozi. Kujua ni rahisi. Tia tone kwenye kioo, liache likauke, pangusa kidole juu yake. Likiacha utelezi au ukungu irudishe ikasafishe vidonda. Ikikauka ikapotea bila alama tumia. Methileti ya hadiwea ile ya zambarau yafaa, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu ni nzuri zaidi ukiipata.

Thina, petroli, dawa ya choo

*Mimi rangi imekauka ndani karibu mwezi, jirani ni fundi wa kupiga magari rangi aniambia niloweke kwenye thina usiku kucha, mwingine asema dawa ya choo yala kila kitu. Nifuate nani? — Msomaji, Changamwe*

Dawa ya choo yala kila kitu, kweli, pamoja na eabrashi yako. Ni asidi. Mwili wa eabrashi nyingi ni shaba nyeupe au njano iliyopakwa kromu juu, asidi ikipita penye mkwaruzo yaingia chini yake na kromu yabanduka. Dawa ya madoa ya kufulia vilevile, weka mbali.

Thina ya magari jirani yako hajakudanganya kwa upande wake, bunduki yake ya rangi imetengenezwa kwa kazi hiyo. Yako huenda ina oringi za mpira wa kawaida, thina yazivimbisha, zalegea, upepo waanza kupenya kila mahali. Ukitaka kuitumia basi toa nozeli na kofia za chuma peke yake, hakikisha hakuna oringi iliyobaki juu yake, loweka hizo tu kwa muda mfupi, nje penye hewa, mbali na moto. Petroli sitaki hata kuizungumzia, mtu achezee petroli ndani ya chumba kwa ajili ya kidude cha rangi?

Na kuna wanaotumia ile maji ya kusafishia vioo vya dirisha, zile za buluu zenye amonia. Zalainisha akriliki kavu, sikatai, lakini usiache vitu vilale humo. Amonia yala shaba. Pitisha, sugua, suuza kwa maji mengi, kausha. Na isikutane na dawa ya madoa hata kwa bahati mbaya, mchanganyiko huo watoa gesi ya sumu.

Povu kikombeni wakati wa kazi

*Salaam fundi, mimi nikibonyeza triga kikombe chatoa mapovu kama soda na rangi yaja kidogo kidogo. Nimeosha mara ngapi sijui. Tatizo nini? — Dada wa mikoba, Likoni*

Dadangu, usioshe tena, hapo si uchafu, ni upepo unaorudi kwenye njia ya rangi badala ya kutoka mbele. Angalia kwanza kofia ya mbele, pengine imelegea tu, ikaze kwa mkono. Kama bado, nozeli haijakaa sawa au haikukazwa. Itoe, pangusa uzi wake na kitako chake, mara nyingi kuna kijirangi kikavu kinaizuia isikae, uirudishe. Wengine hupaka nta ya nyuki kidogo mno kwenye uzi wa nozeli ili upepo usipenye, kidogo mno nimesema, ikiingia ndani ya tundu umeongeza shida. Ikikataa baada ya hapo chukua lenzi au kamera ya simu, vuta picha karibu, tazama mdomo wa nozeli. Ukiona ufa au mdomo umetanuka kama baragumu, hiyo nozeli ndo basi tena, nunua nyingine ya saizi ile ile ya sindano yako. Huuzwa peke yake na kuitengeneza haitengenezeki.

Matone ya maji kwenye ngozi

*Fundi hapa kwetu Tudor karibu na maji, napuliza dai ya kahawia kwenye ngozi mara naona madoa ya matone, mengine meupe meupe kama imenyeshewa. Masika ndo mbaya zaidi. Eabrashi ni safi, nimefungua kama ulivyosema zamani. — Fundi wa mikanda, Tudor*

Hilo ni swali la Mombasa hasa. Eabrashi yako haina kosa, kompresa, ile mashine inayoisukumia upepo, ndo yakunywesha maji. Hewa yetu hapa pwani imejaa unyevu, kompresa ikiibana hewa hiyo yapata moto, halafu ikisafiri kwenye tangi na paipu yapoa, na ule mvuke uliokuwa ndani wageuka maji. Maji hayo yapita paipuni mpaka kwenye ngozi ya mteja.

Kama kompresa yako ina tangi kuna koki ndogo chini yake, wengi hata hawajui iko. Ifungue kila jioni baada ya kazi presha ikiwa imeshuka, utaona maji ya kutu yakitoka, na kama hujawahi kuifungua weka beseni. Kompresa ndogo zisizo na tangi ni mbaya zaidi kwa hili maana zafanya kazi mfululizo, zapata moto, na hewa haipati pahali pa kupoa kabla ya kufika mkononi mwako. Zipumzishe.

Pili, chujio la maji, kile kikopo cha plastiki cha kuona ndani chenye kitufe chini. Kisimame wima, sijui kwa nini watu wakifunga kimelala, kikilala maji yapita yaenda zake. Na kisikae pale pale kwenye kompresa ambako hewa bado ni moto, maji hayajatokea bado, kiweke mwisho wa paipu upande wa eabrashi, paipu iwe na urefu wa kutosha mita tatu hivi hewa ipoe njiani. Kuna vichujio vidogo vya kufunga chini ya eabrashi yenyewe, nao wasaidia. Kikijaa kimwage, si pambo.

Presha nayo ipunguze. Dai ni nyepesi, 15 mpaka 20 psi, kile kipimo cha presha, yatosha, ukipiga 40 wajaza hewa nyingi na unyevu mwingi bila faida na nusu ya rangi yapeperuka kwenye ukuta. Akriliki ndo yahitaji zaidi, 25 mpaka 35 kutegemea umeipunguza vipi.

Na kwa kuwa uko karibu na maji ya chumvi, ukimaliza kuosha pangusa mwili wote kwa kitambaa kikavu, uache sindano na nozeli zikauke vizuri, ndo uweke kwenye mkebe wenye kifuniko cha kubana. Humo tia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, sisi watu wa viatu tunavyo tele na twavitupa. Ukiona rangi ya kijani kwenye maungio ya eabrashi ujue kromu imeondoka hapo na shaba inaliwa.

Maji ya kisima

*Je naweza kupunguzia rangi na maji ya kisima? Ya mfereji hayaji kila siku. — Msomaji, Bombolulu*

Kuoshea mikono na vikombe sawa. Kwa kupunguzia akriliki na kwa suuzo la mwisho la eabrashi hapana, visima vingi vya kwetu vina chumvi na chokaa, maji yakikauka chumvi yabaki kwenye ncha ya sindano na kwenye nozeli. Nunua maji yaliyochemshwa mvuke yale ya kuongezea betri za magari, yauzwa petroli stesheni, dumu moja lakaa muda mrefu kwa kazi hii. Soma karatasi vizuri lakini, pembeni yake huuzwa asidi ya betri na madumu yafanana.

Sindano imepinda

*Eabrashi imeanguka kwenye vigae, ncha ya sindano imepinda kidogo kama ndoano. Sasa rangi yaenda upande mmoja. Kuna tumaini? — Mwanafunzi, Kisauni*

Likiwa pindo dogo lipo. Lakini uliitoaje? Sindano yenye ndoano ukiivuta kupitia nozeli yachana mdomo wa nozeli, itoe taratibu mno. Ilaze kwenye kitu bapa kigumu, kipande cha kioo au kigae kile kile kilichokuumiza, ncha iwe kwenye kioo na mwili umeinuka kidogo sana, bonyeza ncha kwa kucha huku waivuta na kuizungusha, taratibu, mara nyingi. Kisha msasa laini mno, namba 2000 kwenda juu, wa maji, zungusha ncha ndani yake kwa kwenda mbele tu. Jaribu kwa kuipitisha kwenye pamba, ikinasa nyuzi bado. Isiponasa irudishe upige mstari kwenye karatasi. Ikiendelea kwenda kombo nunua sindano, na ukinunua chukua mbili.

Kifua na harufu

*Mwanangu fundi, mimi ni mama wa miaka sitini na kitu, twatengeneza makubadhi na mikoba hapa nyumbani na wajukuu. Kijana wangu ndo apuliza rangi na kuosha hiyo mashine kwa spiriti chumbani, usiku akohoa. Avaa maski ile ya hospitali. Yatosha? — Mama wa Mwembe Tayari*

Shikamoo mamangu. La, haitoshi. Ile maski yazuia matone ya mate, mvuke wa spiriti wapita kama haipo. Ahitaji ile ya mpira inayokaza usoni yenye vichujio viwili vya mkaa vya mvuke wa kemikali, na mbele yake pedi za kuzuia chembe, kwa sababu rangi ikipulizwa yawa ukungu na ukungu huo waingia ndani kabisa ya mapafu. Hivyo vichujio vyaisha nguvu, akisikia harufu ya spiriti akiwa amevaa vibadilishwe, na akimaliza kazi avifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa maana mkaa waendelea kunyonya hata ukutani ulipotundikwa.

Na chumbani mama asipulize. Atoke barazani au uani, au kama ni ndani basi dirishani penye feni inayotupa hewa nje. Pangaboi la juu lisitumike, latawanya ukungu kwa wote na pia lakausha rangi kwenye ncha ya sindano kabla haijatoka. Wakati wa kuosha asipulize spiriti hewani ovyo, achukue chupa ya jamu, atoboe kifuniko, atie kitambaa ndani, apulizie humo. Moto uwe mbali, jiko la makaa, sigara, hata udi, mvuke wa spiriti washika moto haraka na wapulizwa na upepo wa kompresa.

La muhimu kuliko yote kwa nyumba yenye wajukuu: spiriti na dai zisitiwe kwenye chupa za soda wala za maji ya kunywa. Methileti ina methanoli, mtoto akinywa aweza kupoteza macho au maisha. Iwe kwenye chupa yake, juu, imefungwa. Na hicho kikohozi aende hospitali amwambie daktari waziwazi kitu anachopuliza na ni tangu lini, asiseme tu nina mafua.

Triga yanata

*Triga imekuwa nzito, nikiachia hairudi. Nimetia mafuta ya nazi ikawa laini siku mbili sasa ni mbaya kuliko mwanzo. — Kijana wa Bamburi*

Mafuta ya nazi ni ya chakula na nywele bwana. Ndani ya eabrashi yashika vumbi la rangi, yaganda, na yakifika njia ya rangi ngozi yakataa kushika. Ya cherehani nayo, na hata yale ya kupuliza ya kulegeza nati zenye kutu, yana shida hiyo hiyo.

Toa sindano, toa triga, pangusa vyote kwa spiriti mpaka mafuta yaishe, safisha pia kile kipande kinachosukumwa nyuma ya triga maana kunata kwingi kwatoka hapo, rangi iliyoburutwa na sindano. Kausha. Kuna grisi maalum ya eabrashi, kichupa kidogo, tone moja kwenye sindano nyuma ya pale penye nozeli na tone kwenye shina la triga, basi. Ukikosa, glisarini safi ya kemisti, kiasi cha kuonekana kung'aa tu halafu uipanguse, hiyo yaoshwa kwa maji kwa hivyo hata ikikosea njia haikuharibii rangi. Kama baada ya hapo hairudi ni springi iliyochoka, nyingine zapatikana.

Saizi gani?

*Fundi kwa ufupi, ninunue sindano ya 0.2, 0.3 au 0.5 kwa ngozi? — Msomaji, Mikindani*

Kwa ufupi, 0.3 kwa dai na kazi nyingi, 0.5 kwa akriliki, finishi ya mwisho na rangi za kung'aa, hizo za kung'aa zina vipande vya madini vinavyoziba tundu dogo haraka. 0.2 ni kwa nyuzi nyembamba za michoro, kama huchori nyuso za watu kwenye raba huihitaji, na kuisafisha ni kazi ya mtu mwenye saburi. Hata kwa 0.3 chuja rangi kwanza kwa soksi nyembamba za kike, masalia ya chini ya chupa ndo huziba wengi. Ukibadilisha saizi, sindano na nozeli zabadilishwa pamoja, usichanganye sindano ya 0.3 na nozeli ya 0.5, itavuja.